Mwanasesere wa dola mbili: nani alimpandisha bei?

Krismasi ya mwaka 1977 watoto wengi wa Marekani walifungua zawadi zao wakakuta bahasha ya kadibodi isiyo na mwanasesere hata mmoja. Kampuni ya Kenner, yenye makao yake Cincinnati katika jimbo la Ohio, ilikuwa imepata haki ya kutengeneza wanasesere wa filamu ya Star Wars. Filamu ilipotoka tarehe 25 Mei, wachache walikuwa wametarajia kishindo kile, na viwanda visingeweza kuwahi sikukuu. Kenner ikaamua kuuza ahadi. Ndani ya bahasha mlikuwa na picha, stika na cheti cha kujaza na kutuma kwa posta, ili Luke Skywalker, Princess Leia, Chewbacca na R2-D2 wafike nyumbani mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Wazazi wakanunua.

Mwaka 1978 wanasesere wenyewe walipoanza kuuzwa madukani, kila mmoja alikuwa na bei ya karibu dola 2. Mwaka 2024 mwenzake wa kimo kilekile, aliyetengenezwa na Hasbro, alikuwa na bei ya dola 16.99. Yule mkubwa zaidi, wa inchi sita, alianza kwa dola 19.99 mwaka 2013 na baada ya miaka kumi akafika dola 24.99. Kwa hiyo wanaume waliokuwa watoto enzi za Kenner, ambao sasa wana mvi, husimama mbele ya rafu wakitikisa vichwa: mtoto wa siku hizi atanunua na nini?

Swali ni la haki. Jibu lake, hata hivyo, halielekei upande ambao wauliza swali wangependa lielekee.

Tuanze na hesabu, maana bei ya utotoni haipimwi kwa pesa za leo. Dola 2 za mwaka 1978, ukizingatia mfumuko wa bei, zilikuwa sawa na dola tisa na ushei za mwaka 2024. Kwa kipimo hicho mwanasesere wa dola 16.99 amepanda kwa robo tatu hivi, si mara nane kama inavyoonekana kwa macho. Lakini ukipima kwa jasho, mambo yanazidi kuuma. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani mwaka 1978 kilikuwa dola 2.65 kwa saa, hivyo kibarua alimnunua Luke kwa kazi isiyofika saa moja. Kima hicho kimekwama kwenye dola 7.25 tangu mwaka 2009. Kwa mshahara huo, mwanasesere wa dola 24.99 anakula karibu saa tatu na nusu za kazi.

Hapo mlalamikaji ameshinda. Ila hajarudi nyuma vya kutosha.

Mwaka 1963 wakala wa leseni za bidhaa aitwaye Stan Weston alimpelekea Don Levine wa kampuni ya Hasbro wazo la mwanasesere askari kwa ajili ya wavulana. Barbie alikuwa tayari ameitajirisha kampuni ya Mattel tangu mwaka 1959, na siri yake ilikuwa nguo: mwanasesere ni mmoja, lakini magauni hayaishi. Kwa askari, badala ya magauni kungekuwa na magwanda, bunduki, mahema na magari ya jeshi. G.I. Joe akatoka mwaka 1964, mwenye urefu wa inchi 12, yaani sentimita 30 hivi, viungo vinavyokunjika kila upande na kovu shavuni. Bei yake ilikuwa karibu dola 4. Kima cha chini wakati huo kilikuwa dola 1.25 kwa saa. Fanya hesabu mwenyewe: zaidi ya saa tatu za kazi kwa askari mmoja, bado hujamnunulia hata hema. Kwa pesa za mwaka 2024, dola 4 zile ni kama 40.

Kumbe babu alilipa sawa na mjukuu. Aliyepata nafuu ni yule wa katikati, mtoto wa miaka ya mwisho ya 1970 na ya 1980, na ndiye huyohuyo anayelalamika leo. Utoto wake ndio uliokuwa wa ajabu.

Ajabu hiyo ilikuwa na sababu zake. Baada ya mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973, plastiki, ambayo hutokana na mafuta, ilipanda bei, na jitu la inchi 12 likawa mzigo kwa kiwanda. Hasbro ilimsitisha G.I. Joe wake mkubwa, ikajaribu wa inchi 8 mwaka 1977, naye hakudumu. Kenner ilikwenda chini zaidi, hadi inchi tatu na robo tatu. Husimuliwa kwamba mkuu wake, Bernard Loomis, alionyesha kimo hicho kwa kutanua kidole gumba na cha shahada. Liwe kweli au lisiwe, mantiki yake ilikuwa biashara tupu. Hadithi ile ilijaa vyombo vya angani, na rubani wa inchi 12 angehitaji chombo kikubwa kuliko kitanda cha mtoto. Mwanasesere mdogo alifanya chombo kiuzike, na mwanasesere wa dola 2 alifanya mtoto atake wote kumi na wawili wa kwanza, si mmoja.

Kampuni ya Mego, iliyokuwa ikitamba na wanasesere wa inchi 8, ilikuwa imekataa kazi ya Star Wars kabla ya Kenner. Mwaka 1982 Mego ilikwenda mahakamani kuomba ulinzi dhidi ya wadai wake. Kenner, kwa upande wake, iliuza zaidi ya vipande milioni 40 katika mwaka wa kwanza pekee, na hadi 1985 wanasesere zaidi ya milioni 250 walikuwa wameondoka madukani. Shikilia tarakimu hizo, maana ndizo zenye siri ya bei.

Siri ya pili ilichapwa miguuni mwa wanasesere wenyewe kwa herufi ndogo: Hong Kong. Kazi ya kumimina plastiki, kuunganisha viungo na kupaka macho na mikanda ilifanywa huko kwa ujira ambao mfanyakazi wa Ohio asingeukubali. Shenzhen ilipofanywa eneo maalumu la uchumi mwaka 1980, viwanda vingi vya Hong Kong vilivuka mpaka kufuata ujira mdogo zaidi. Vingine vilikwenda Thailand. Tarehe 10 Mei 1993 kiwanda cha Kader karibu na Bangkok, kilichoshona na kuunda wanasesere kwa masoko ya nje, kiliteketea. Watu 188 walikufa, wengi wao wanawake vijana. Milango kadhaa ya kutokea ilikuwa imefungwa, na majengo yaliporomoka mapema mno kwa sababu nguzo zake za chuma hazikukingwa dhidi ya moto. Kila anayekumbuka bei tamu za zamani na akumbuke pia nani alikuwa akiifidia tofauti.

Televisheni ikamalizia kazi. Masharti ya serikali ya Marekani kuhusu matangazo katika vipindi vya watoto yalilegezwa mapema miaka ya 1980, na ghafla kipindi kizima kikaweza kuwa tangazo. He-Man wa Mattel, aliyeingia madukani mwaka 1982, alipata katuni yake mwaka uliofuata. Hasbro ilimfufua G.I. Joe mwaka 1982 kwa kimo cha Kenner, na mwaka 1984 ikaleta Transformers, roboti ambazo kampuni ya Takara ya Japani ilikuwa tayari inaziuza kwa majina mengine. Mtoto alitazama jioni, akaomba Jumamosi. Watoto wengi mno wakanunua umbo lilelile kwa pamoja.

Sasa tuingie kiwandani. Gharama kubwa ya mwanasesere ni kalibu, yale mapande ya chuma kigumu yanayochongwa ili plastiki ya moto imiminwe ndani na kutoka na umbo. Plastiki yenyewe ni ya senti chache. Chukua mfano wa hesabu tu: kalibu na uchongaji vikigharimu dola 100,000, na wanasesere wakawa milioni mbili, kila mmoja anabeba senti tano. Wakiwa 50,000, kila mmoja anabeba dola mbili, kabla hajapakwa rangi wala kuwekwa kwenye kadi. Ongeza faida ya mwenye duka, ongeza mrabaha wa mwenye filamu, na utaona dola 17 zinavyojijenga zenyewe. Mwanasesere wa Kenner alikuwa na viungo vitano: shingo, mabega na nyonga. Wa leo anakunja kiwiko, goti, kifundo na kiuno, na uso wake unachapwa kwa mashine kutoka picha ya mwigizaji. Vipande vingi, kalibu nyingi, mikono mingi.

Na wanunuzi ni wachache, kwa kuwa watoto walishaondoka. Walihamia kwenye michezo ya video, kisha kwenye simu, huku wazazi wao wakibaki dukani. Dalili zilionekana tangu usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 1999, maduka ya Toys "R" Us yalipofunguliwa saa sita ya usiku kuuza vifaa vya filamu mpya ya Star Wars. Kwenye foleni walijaa watu wenye leseni za udereva, na wengi walinunua mabunda wakayaficha bila kuyafungua, wakiamini yatawasomeshea watoto. Walisahau kwamba kilichowapa thamani wanasesere wa 1978 ni watoto waliowatafuna, kuwavunja na kuwazika mchangani. Wa mwaka 1999 wamejaa sokoni hadi leo na bei zao hazijampeleka mtu chuo.

Mnadani nako bei hazina tena uhusiano na mchezo. Boba Fett wa Kenner mwenye kurusha roketi hakuwahi kuuzwa dukani, kwani kampuni ilihofia kombora lake lingemkaba mtoto, ikabaki na vielelezo vichache vya kiwandani. Mwaka 2024 kielelezo kimoja kilinunuliwa kwa dola 525,000. Mwaka 2018 Hasbro yenyewe ilifuata mkondo huo kwa namna yake: ilitangaza merikebu ya Jabba, mhusika wa Star Wars, kwa dola 499.99, ikisema itaitengeneza tu wakipatikana wanunuzi 5,000 wa kulipa kabla. Walijitokeza zaidi ya 8,000. Katika robo ya kwanza ya mwaka 2024, kampuni ya utafiti wa soko ya Circana iliripoti kuwa watu wazima wanaojinunulia wenyewe walikuwa wamewapita watoto wa umri wa miaka mitatu hadi mitano kwa matumizi ya vitu vya kuchezea Marekani.

Kuna dhoruba za karibuni zilizoongeza makali. Mwaka 2021 nauli ya kontena moja kutoka China hadi pwani ya magharibi ya Marekani ilivuka dola 10,000. Aprili 2025 ushuru wa Marekani kwa bidhaa za China ulifika asilimia 145 kabla ya kushushwa hadi 30 mwezi uliofuata, na Mattel ikatangaza kuwa itapandisha baadhi ya bei. Haya ni ya kweli, lakini yalimkuta mwanasesere akiwa ameshapanda.

Jambo linalosahaulika ni kwamba vitu vya kuchezea kwa ujumla havijapanda. Kipimo rasmi cha bei zake Marekani kilishuka kwa zaidi ya nusu kati ya miaka ya 1990 na 2020. Mpira, matofali ya plastiki ya kujengea yasiyo na jina, gari la betri, mdoli wa kulala naye: vyote ni rahisi kuliko enzi zile. Hata kwetu inaonekana. Ingia Kariakoo ukamwulizie Spider-Man asiye na nembo ya kampuni, anayening'inia kwenye mfuko wa nailoni. Aliyemleta hakumlipa mwenye haki mrabaha wowote, na ndiyo maana baba mwenye kipato kidogo anaweza kumbeba. Anachokosa ni uhakika wa rangi. Mwaka 2007 hata Mattel ililazimika kuita zirudishwe bidhaa zake mamilioni, nyingine kwa rangi yenye madini ya risasi, nyingine kwa sumaku ndogo ambazo mtoto angeweza kumeza. Mwaka uliofuata Marekani ikatunga sheria ya kuzipima bidhaa za watoto kabla hazijauzwa, na vipimo navyo hulipiwa.

Kisa ninachokiona kizito kuliko vyote ni cha mwaka 2013. Mwaka uleule ilipozindua wanasesere wa dola 19.99, Hasbro ilitoa pia wa kimo cha Kenner, wenye viungo vitano kama vya Kenner, kwa karibu dola 6. Kwa mfumuko wa bei hao walikuwa rahisi kuliko Luke wa 1978. Wakusanyaji wazima waliwapokea kwa manung'uniko: hawakunji magoti, rangi ni chache, si wa kuweka kabatini. Pesa zao wakazipeleka kwa wale wa inchi sita, na kiwanda kikazifuata pesa. Bei ya dola 24.99 wamejipangia wenyewe watoto wa zamani, na mtoto wa leo hakuulizwa.