Kopi Ilijazwa Mihuri ya Mfalme, Orijino Ikawekwa Kando: Kisa cha Mchoro wa Milima ya Fuchun

Siku hizi mtu akikamatwa amekopi kazi ya mwenzake, hapati usingizi. Picha mbili zinawekwa pembeni kwa pembeni, watu wanazungushia duara jekundu, na matusi yanaanza. Kwa wachoraji wa mandhari wa China ya zamani mambo yalikuwa kinyume kabisa. Ambaye hajakopi waliomtangulia alionekana hajaanza hata kujifunza.

Na hii haikuwa tabia ya mtaani tu. Karne ya 6 mwandishi mmoja aitwaye Xie He aliandika kanuni sita za uchoraji, na ya sita ilihusu kunakili kazi za wakubwa ili zipite kwa wanaofuata. Yaani kukopi kulikuwa sehemu ya somo.

Kwa nini? Angalia vifaa vyenyewe. Brashi ya manyoya, wino mweusi uliosagwa kwa maji juu ya jiwe, na karatasi. Hakuna kufuta. Mstari ukidondoka vibaya, umedondoka. Mwili wa mlima hujengwa kwa mapigo madogo madogo ya brashi yanayoitwa cun, na kila aina ina jina lake. Kuna mapigo marefu, laini, yanayolala kama nyuzi za katani. Hayo yanahusishwa na Dong Yuan na mtawa Juran, wachoraji wa karne ya 10 kusini mwa China. Huwezi kuyajua kwa kusimuliwa. Lazima mkono uyarudie mpaka uyazoee.

Ndiyo maana mwalimu angeweza kuwa mtu aliyekufa miaka 400 iliyopita. Kazi yake ikiwa mbele yako, darasa linaendelea.

Mzee aliyechora bila haraka

Huang Gongwang alizaliwa 1269. Alikuwa karani wa serikali, akaingia jela baada ya bosi wake kupata kashfa, na alipotoka akaachana na mambo ya ofisi. Akawa mtu wa dini ya Kitao na kuishi kwa kutangatanga milimani. Alijihesabu mwanafunzi mdogo wa Zhao Mengfu, bingwa wa zama zile, na kupitia mapigo ya Dong Yuan na Juran akapata mkono wake mwenyewe.

Akiwa mzee wa karibu miaka 80 alianza mchoro wa milima ya mto Fuchun, mkoa wa Zhejiang, kwa ajili ya rafiki yake Mtao aliyeitwa Wuyong. Ni karatasi ndefu inayokunjwa kama mkeka. Unaifungua kidogo kidogo kutoka kulia kwenda kushoto, kama unavyoskroli simu. Kilima kinapanda, maji yanatulia, mvuvi anaonekana mbali, kisha kilima kingine.

Miaka zaidi ya mitatu ikapita, mzee hajamaliza. Wuyong akaingiwa na hofu kwamba mjanja fulani ataupora, akaomba jina lake liandikwe mapema. Mzee akakubali, na mwaka 1350 akaandika maelezo hayo kwenye mchoro wenyewe. Miaka minne baadaye akafariki.

Hofu ya Wuyong haikuwa ya bure.

Umeibiwa, umechomwa, umekataliwa

Zaidi ya miaka 100 baadaye mchoro uliangukia mikononi mwa Shen Zhou, mchoraji mkubwa wa Suzhou. Akamwachia rafiki auandikie maneno ya sifa, kumbe mtoto wa rafiki akauuza kimyakimya. Ulipoibuka sokoni, bei ilikuwa juu, Shen Zhou hakuimudu. Alichofanya mwaka 1487 ni kukaa chini na kuuchora upya wote kwa kumbukumbu. Karatasi iliondoka, lakini milima ilikuwa imeshaingia mkononi mwake. Kazi hiyo ya kumbukumbu ipo mpaka leo, Beijing.

Mwaka 1596 orijino ikanunuliwa na Dong Qichang. Huyu alikuwa mchoraji, mkusanyaji na mtu ambaye neno lake kuhusu sanaa lilikuwa kama sheria. Yeye ndiye aliyepanga wachoraji wa kale kama ukoo, nani anamfuata nani. Alimfundisha Wang Shimin tangu akiwa kijana. Wang Shimin na Wang Jian nao wakamlea Wang Hui, kijana wa kipaji aliyeunakili mchoro wa Fuchun zaidi ya mara moja. Huyo Wang Hui ndiye baadaye aliongoza kazi ya kuchora ziara ya mfalme Kangxi kusini mwa nchi, karatasi ndefu 12. Hapo unaona mnyororo: mzee wa Fuchun, Dong, akina Wang.

Mchoro wenyewe sasa. Ulipita kwa familia ya Wu, na mwaka 1650 Wu Hongyu akiwa kitandani anakata roho, akaagiza uchomwe ili aondoke nao. Ukatupwa motoni kweli. Mpwa wake akaunyofoa, lakini moto ulikuwa umeshaukata vipande viwili.

Halafu ikaja ile ya mfalme Qianlong. Mwaka 1745 aliletewa mchoro wa Fuchun, akaupenda kupita kiasi, akaujaza mihuri na maandishi yake mara zaidi ya 50. Mwaka uliofuata ukaletwa mwingine. Akautazama na kuamua kwamba huo ndio kopi. Kumbe alikuwa amegeuza mambo. Wa pili ndio ulikuwa wa Huang. Na kwa sababu ulidharauliwa, ulinusurika na mihuri ile na kubaki msafi. Yule feki ndiye aliyepewa alama ya bluu!

Mpaka wa kukopi uko wapi?

Si wote waliokubali mfumo huu. Shitao, mtawa aliyekuwa wa ukoo wa kifalme ulioanguka, alisema wazi kwamba mchoraji lazima awe na njia yake. Kwake, kuwa mtumwa wa wazee ilikuwa aibu.

Kejeli ni kwamba katika karne ya 20 Zhang Daqian alijifunza kumuiga Shitao huyohuyo. Akawa hatari kiasi kwamba wakusanyaji waliobobea walinunua kazi zake wakidhani ni za Shitao.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Shen Zhou na Wang Hui walikopi na kusema wamekopi nani, kisha wakaweka majina yao. Anayekopi na kutaja ni mwanafunzi. Anayekopi na kuficha anauza jina la mtu.

Kipande kidogo, chenye urefu wa sentimita 51.4, kilipatikana na mchoraji Wu Hufan huko Shanghai mwishoni mwa miaka ya 1930, na sasa kipo makumbusho ya Zhejiang, Hangzhou. Kile kikubwa, zaidi ya mita 6, kilihamishwa na hazina ya kifalme hadi Taiwan wakati wa vita, na kipo Taipei. Mwaka 2011 viliwekwa pamoja Taipei, kwa mara ya kwanza tangu moto ule, zaidi ya miaka 360.

Hata vikiunganishwa, sehemu iliyoliwa na moto hairudi. Ila mikono iliyokopi, kuanzia Shen Zhou, ndiyo inayosaidia kukisia mchoro mzima ulikuwaje.

Wewe unaonaje: kukopi kazi ya bingwa ni heshima au ni uvivu? Dondosha maoni yako hapo chini.