Kitabu Kiishapo Kufungwa

Mtu aliyependa vitabu tangu utoto huulizwa mara nyingi: Katika vyote ulivyosoma, ni kitabu gani unachokipenda kupita vingine? Wanaouliza hungojea kutajiwa jina. Sisi twaona kwamba jibu halimo katika jina lililoandikwa juu ya jalada, bali katika kile kinachobaki kwa msomaji kitabu kiishapo kufungwa. Hapa kwetu Kilembwe, katika nchi ya Lulenge, swali hili si la kupitishia wakati. Vitabu vyetu vingi vilifungwa na vita, wala havikufunguliwa tena.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1521 askari mmoja wa Hispania, jina lake Inyasi wa Loyola, alipigwa mguu na risasi ya mzinga katika mji wa Pamplona. Alipokuwa amelala nyumbani kwao akiuguzwa, aliomba aletewe vitabu alivyovipenda, yaani hadithi za mashujaa wapanda farasi. Havikupatikana. Vilivyokuwamo nyumbani ni maisha ya Kristo na maisha ya watakatifu, basi akasoma hivyo kwa kukosa vingine. Naye aliona jambo la ajabu. Alipowaza mambo ya mashujaa alifurahi, lakini baadaye moyo ulibaki mkavu. Alipowaza mambo ya watakatifu alifurahi, na furaha ile ilikaa. Hivyo alijifunza kuvipima vitabu kwa alama zinazobaki moyoni. Askari huyo ndiye Mtakatifu Inyasi, mwanzilishi wa Shirika la Yesu.

Sasa turudi katika nchi zetu za maziwa. Mwaka 1878 Kardinali Lavigerie, ambaye wakati huo alikuwa bado Askofu Mkuu wa Algiers, aliupeleka msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe ndani ya Afrika. Walipofika Tabora waligawanyika. Wengine walishika njia ya Ujiji, kwenye ziwa letu la Tanganyika, na wengine njia ya ziwa Nyanza na ufalme wa Buganda. Hivyo sisi na Wakristo wa Uganda tu watoto wa msafara mmoja.

Huko Buganda watu walioifuata dini mpya waliitwa basomi, maana yake wasomaji. Neno lenyewe lilitoka katika Kiswahili, nalo lilikwisha kutumika kwa wale waliojifunza Kurani katika nyumba ya mfalme. Kusoma herufi na kumtafuta Mungu vilikwenda pamoja, hata vikapewa jina moja.

Mwezi wa Novemba 1882 Mapadre walilazimika kuondoka Buganda, wakaenda kukaa kusini ya ziwa. Waliacha Wakristo wachache na wanafunzi wa dini, bila Misa na bila padre wa kuwafundisha. Je, kazi ilikufa? Mapadre waliporudi mwaka 1885 waliwakuta wasomaji wengi kuliko wale waliowaacha. Watu kama Yosefu Mukasa, Andrea Kaggwa na Matia Mulumba walikuwa wakiwafundisha wenzao. Walichokisoma kilikuwa kimeingia ndani yao, wakawapa wengine.

Kijana mmoja wa nyumba ya mfalme, Dionisi Ssebuggwawo, alimfundisha dini mwenzake aitwaye Mwafu, mtoto wa waziri mkuu. Tarehe 25 Mei 1886 Mfalme Mwanga aligundua jambo hilo, akamchoma kwa mkuki. Kosa lake lilikuwa kumshirikisha mwenzake kile alichokipokea.

Na upande wetu wa ziwa? Mapadre walivuka maji, na mwaka 1883 wakaanzisha misioni ya Kibanga upande wa magharibi. Kardinali Lavigerie aliamuru kwamba mtu asibatizwe upesi, bali afundishwe miaka minne. Kwa hiyo walimu wengi walihitajika, na vitabu vilikuwa vichache. Kitabu kimoja kilisomwa kwa sauti, na watu wengi walikishika kwa masikio.

Katika misioni hizo za ziwa alilelewa Stefano Kaoze, mtu wa Marungu. Alipokuwa bado seminarini alisoma Kilatini, Kifaransa na filosofia ya wazungu. Mtu mwingine angeweza kufunga vitabu hivyo na kuwadharau wazee wake wasiojua kusoma. Kaoze hakufanya hivyo. Mwaka 1910 na 1911 maandishi yake juu ya roho na mawazo ya Wabantu yalichapishwa kwa Kifaransa katika gazeti moja la Ubelgiji, naye huhesabiwa kuwa miongoni mwa Wakongo wa kwanza kabisa kuchapishwa katika lugha hiyo. Vitabu vya wageni vilimfundisha kuwatazama watu wake kwa makini zaidi. Mwaka 1917, huko Baudouinville, alipewa daraja takatifu, akawa padre wa kwanza wa Kongo katika zama zetu.

Hapa yatupasa kuungama kosa letu wenyewe. Tulipokuwa seminarini tulipenda vitabu sana. Tulisoma Maungamo ya Mtakatifu Augustino, tulisoma maisha ya watakatifu, na tulifurahi kutaja majina yao mbele ya wenzetu. Kisha tulitumwa kufundisha katika shapeli ya kijiji. Siku ya kwanza mtoto mmoja alituuliza Augustino alikuwa mtu wa namna gani, na mama yake alilia kwa sababu gani. Tulijibu kwa maneno makubwa. Watoto walinyamaza, wakatazama nje. Siku ile tulijua kwamba tulikuwa tumebeba vitabu kama punda abebavyo mzigo wa chumvi bila kuonja ladha yake.

Aliyetufundisha upya ni mama mzee mmoja asiyejua kusoma. Vita vilipoingia Fizi mwaka 1996, watu wengi walivuka ziwa, na wengi wakakaa katika kambi ya Nyarugusu huko Tanzania. Mama huyu alikuwa na kitabu cha sala cha marehemu mume wake, aliyekuwa akimsomea kila jioni. Tulimwuliza kitabu kile kiko wapi. Akasema, “Mwalimu, nilikiacha njiani, mvua ilikwisha kukiharibu. Lakini maneno nilikuwa nimeyaweka.” Akaanza litania, akaimaliza yote, na wajukuu wake wakaitikia bila kukosea.

Jambo jingine latuhusu sana. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu. Siku arobaini na moja baadaye, tarehe 28 Novemba, waasi waliwaua Baraka Padre Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin, na huko Fizi Padre Giovanni Didonè pamoja na Padre Albert Joubert, mzaliwa wa nchi hii ya Kongo. Tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, wote wanne walitangazwa wenye heri. Maisha ya watakatifu, ambayo tulidhani ni habari za mbali, yameandikwa pia katika udongo wetu.

Lakini wazee waliowaona kwa macho wanatutoka mmoja mmoja. Mzee akizikwa kabla hajaulizwa, ni kitabu kinachofungwa ambacho hakuna aliyekisoma.

Basi, ndugu, tusimalize na majina ya vitabu tu. Mwenye kitabu asome jioni kwa sauti, wa nyumbani wasikie. Mwanafunzi ajuaye kuandika anunue daftari, akae karibu na babu na bibi yake, aulize, aandike. Na sisi walimu wa dini tujiulize kila tunapofunga kitabu: Ni nani mwingine atakayeshiba kwa haya tuliyosoma leo? Tukiweza kumtaja mtu huyo kwa jina, hicho ndicho kitabu tunachokipenda.