Beleshi Juu ya Tuta: Mafuriko ya Mwaka 1634 na Fundisho Lake kwa Wahubiri

1. Utangulizi

Martin Luther, anapofafanua Ombi la Nne katika Katekisimo Ndogo, anahesabu mambo mengi yaliyomo ndani ya mkate wa kila siku. Wanafunzi wa Kipaimara hulikariri fungu hilo, na mara nyingi hupita bila kutambua kwamba serikali njema na hali njema ya hewa zimetajwa humo bega kwa bega. Hatusemi kwamba Luther alikusudia fundisho zima kwa mpangilio huo wa maneno. Twasema kwamba historia ya watu waliolishika katekisimo hilo imeufafanua mpangilio huo kwa uchungu mwingi. Katika makala hii twakusudia kuitazama pwani moja ya Kilutheri huko Ulaya ya Kaskazini, tukiuliza: bahari ilipoingia nchi kavu, wahubiri walisema nini, na ni nini hawakukisema?

2. Nchi iliyo chini ya maji

Pwani ya Bahari ya Kaskazini, kuanzia Uholanzi hadi Denmark, ni nchi tambarare. Majira ya vuli ya huko, majani yanapopukutika, huleta tufani kutoka bahari ya Atlantiki. Upepo ukitoka kaskazini-magharibi wakati maji yanapojaa, husukuma maji ya bahari hadi katika pembe ambapo pwani ya Ujerumani hukutana na ile ya Denmark, nayo hayana pa kwenda ila juu ya nchi. Mnamo Novemba 1, 1570, Sikukuu ya Watakatifu Wote, tufani ya namna hiyo iliua watu wengi sana katika Uholanzi na nchi jirani.

Wenyeji walijikinga kwa kujenga matuta marefu ya udongo kando ya bahari. Lakini kinga hiyo ilikuwa na hatari yake. Ardhi iliyotolewa maji hunywea na kushuka. Na kwa kuwa watu walichimba udongo wa mboji ili kupata kuni na chumvi, mahali pengi palizidi kushuka. Baada ya miaka mingi watu walikuwa wakilima na kufuga katika mashamba yaliyokuwa chini ya usawa wa maji yanapojaa. Tuta likivunjika, maji yaliyoingia hayakuweza kutoka tena kwa urahisi.

Kisiwa cha Strand, katika Frisia ya Kaskazini, kilikuwa nchi ya namna hiyo. Kilikuwa na rutuba, mifugo mingi, na makanisa 21. Tena wakati ule Ujerumani ilikuwa katikati ya Vita vya Miaka Thelathini, vilivyoanza mwaka 1618, na majeshi yalikuwa yamekwisha kupita katika utawala wa Schleswig na Holstein. Mafuriko ya miaka iliyotangulia yalikuwa yameyadhoofisha matuta, na watu waliochoka kwa vita na kodi hawakuwa na nguvu za kuyatengeneza ipasavyo.

3. Usiku wa Oktoba 11

Tufani ilivuma jioni ya Oktoba 11, 1634, kwa kalenda ya zamani iliyokuwa bado ikitumika katika nchi za Kilutheri (kwa kalenda ya leo ni Oktoba 21). Upepo uligeuka na kutoka kaskazini-magharibi, na usiku huo matuta ya Strand yakavunjika mahali pengi. Kwa hesabu zilizohifadhiwa, watu zaidi ya 6,000 walikufa katika kisiwa hicho peke yake, yaani sehemu kubwa ya wakazi wake wote. Mifugo wapatao 50,000 waliangamia, na nyumba kama 1,300 zikabomoka. Kati ya makanisa 21, 17 yaliharibika kabisa. Kulipopambazuka, Strand haikuwa tena kisiwa kimoja. Vilivyosalia ni Pellworm, Nordstrand, na kipande kidogo cha nchi ya mboji, na bahari ikipita katikati.

Mashahidi wawili wanatusaidia. Wa kwanza ni Jan Leeghwater, fundi wa Kiholanzi wa kukausha maeneo ya maji, ambaye usiku ule alikuwa kazini katika pwani ile pamoja na mwanawe, wakaokoka. Wa pili ni Anton Heimreich, aliyekuwa mtoto wa miaka kama minane. Baadaye alikuwa mchungaji katika kile kipande cha nchi ya mboji, na mwaka 1666 akatoa kitabu cha historia ya Frisia ya Kaskazini. Yafaa tukumbuke jambo hilo: sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu msiba huu tumeyapata kwa mkono wa mchungaji wa usharika mdogo aliyeona kwamba kuandika habari za waliokufa ni sehemu ya utumishi wake.

4. Wahubiri walisema nini?

Wahubiri wa karne ile waliusoma msiba kama fimbo ya Mungu. Walihubiri toba, wakakumbusha gharika ya Nuhu, wakazitaja dhambi za watu: kiburi, ulevi, kuidharau Sabato. Miaka themanini na mitatu baadaye, mafuriko ya Krismasi ya mwaka 1717 yalipoua maelfu katika pwani hiyohiyo, mchungaji Johann Friedrich Jansen wa Neuende aliandika kitabu kikubwa, kilichotolewa mwaka 1722, akiyaeleza kama njia za ajabu za Mungu ndani ya maji makuu.

Tusiwadharau watumishi hao. Walikataa kusema kwamba ulimwengu umeachwa bila Mwenyewe, nao waliwapa wenye kulia lugha ya kulilia. Lakini mahubiri yao yalikuwa na pengo. Bwana wetu alipowataja wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu (Luka 13), alikataa kuipima dhambi ya waliokufa kwa kifo chao, akawageuzia wasikilizaji wito wa kutubu. Mhubiri anayesema kwamba waliozama walizama kwa sababu ya dhambi yao ameshika nusu ya pili ya jibu hilo na kuiacha ya kwanza.

5. Sheria ya beleshi

Pengo la pili ni zito zaidi. Katika pwani ile kulikuwa na sheria ya kale: kila mwenye shamba alipaswa kutunza sehemu yake ya tuta. Aliyeshindwa alichomeka beleshi lake juu ya tuta, akaondoka. Aliyeling'oa beleshi hilo alilipata shamba pamoja na wajibu wake. Sheria hii ilikuwa na haki ndani yake, kwa maana uzembe wa mmoja huwazamisha wote. Lakini baada ya mwaka 1634 iliwaangukia watu waliopoteza jamaa, ng'ombe na nyumba kwa usiku mmoja.

Huko Pellworm matuta yalijengwa upya baada ya miaka michache kwa msaada wa Waholanzi. Nordstrand ilibaki wazi kwa bahari kwa muda wa miaka ishirini. Mwaka 1654 Mtawala Friedrich wa Tatu wa Gottorf aliwapa ardhi hiyo wenye mitaji kutoka Uholanzi, wajenge matuta na kuimiliki. Wenyeji waliosalia wakapoteza haki yao ya zamani. Hao wageni walikuwa Wakatoliki, nao wakaruhusiwa ibada yao katika nchi ya Kilutheri, kwa kuwa fedha zao zilihitajika. Hivyo maji yalimnyang'anya maskini mara ya kwanza, na sheria ikamnyang'anya mara ya pili. Juu ya maji mimbari zilisema mengi. Dhambi ya kumwachia aliyefiwa mzigo asioweza kuubeba ilistahili nayo kuhubiriwa.

6. Siku zetu

Pwani ile haijatulia, wala haiko peke yake. Novemba 13, 1872, Bahari ya Baltiki iliua watu wasiopungua 271. Novemba 4, 1966, maji yaliingia Florence na Venice kwa siku moja. Oktoba 2023 pwani ya Baltiki ya Schleswig-Holstein ilipigwa na maji ambayo hayakuwa yameonekana kwa zaidi ya miaka mia moja, na Oktoba 29, 2024, mvua katika jimbo la Valencia nchini Hispania ziliua watu zaidi ya 200. Wataalamu wanatufundisha kwamba bahari inapanda, na kwamba hewa ikizidi joto kwa digrii moja huweza kubeba unyevu zaidi kwa takriban asilimia saba. Tufani ni za zamani. Lakini hali zinazozikuta zinabadilishwa na mikono ya wanadamu.

Hata hivyo kuna badiliko la kutia moyo. Leo matuta makuu ya Schleswig-Holstein yanatunzwa na serikali ya jimbo kwa fedha za wote. Mkulima maskini hachomeki tena beleshi.

7. Hitimisho

Ndugu watumishi, mchungaji aitwaye kuzika waliokufa maji ana kazi tatu. Kwanza, alie pamoja na wanaolia, wala asiitafute dhambi ya marehemu. Pili, ahubiri toba, akianzia kwake na kwa wenye mamlaka. Tatu, aulize kwa sauti ni nani aliyepaswa kulitunza tuta, na kama alikuwa na uwezo wa kulitunza. Usharika unaoomba mkate wa kila siku umekwisha kuomba hali njema ya hewa pamoja na serikali njema. Na mtu aombaye hivyo hawezi kuliona beleshi la jirani yake limechomekwa juu ya tuta, akapita kando.