Karatasi, Sanduku na Mashine: Mashaka ya Kura Kutoka Mambasa Hadi Kinshasa

Utangulizi

Neno kura liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na maana yake ya awali ilihusu bahati: watu walipiga kura ili kujua fungu limwangukie nani. Maana ya kuchagua viongozi ilifuata baadaye. Hata hivyo, matumizi hayo mawili yana sharti moja la pamoja, nalo ni kwamba kura itolewe mbele ya macho ya wote wanaohusika. Asiyeona hawezi kulazimishwa kuamini.

Makala haya yanalichunguza sharti hilo katika historia ya uchaguzi wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yakiitazama historia hiyo kutoka wilaya ya Mambasa, mkoani Ituri. Hoja inayotolewa ni kwamba mashine za kupigia kura zilizotumika mwaka 2018 zilishukiwa kwa sababu za haki, lakini kilichowanyima wananchi uhakika hakikuwa chombo kilichotoa karatasi. Uhakika ulipotea katika safari ya matokeo baada ya kutoka kituoni.

Kura kabla ya mashine

Mashaka ya kura nchini Kongo ni ya zamani kuliko mashine. Katika uchaguzi wa rais wa mwaka 1970, Mobutu alikuwa mgombea pekee. Mpigaji kura alichagua baina ya karatasi ya kijani, iliyoelezwa kuwa ya matumaini, na karatasi nyekundu, iliyoelezwa kuwa ya vurugu. Katika mazingira hayo kura haikuwa swali bali ilikuwa kiapo cha utii.

Uchaguzi wa Julai 30, 2006, ulikuwa wa aina nyingine. Wagombea wa urais walikuwa 33, na waliogombea viti 500 vya Bunge la Taifa walizidi 9,000. Mwaka 2011 idadi ya wagombea ubunge ilipita 18,000, hata katika baadhi ya majimbo ya Kinshasa karatasi ya kura ikawa kitabu cha kurasa nyingi. Katika uchaguzi huo huo, matokeo ya vituo karibu 2,000 vya Kinshasa yalipotea, na waangalizi wa Kituo cha Carter wakatamka kwamba matokeo yaliyotangazwa hayakuaminika. Ikumbukwe kwamba hapakuwa na mashine hata moja. Kilichopotea ni karatasi, nayo ilipotea baada ya kuhesabiwa.

Mashine yaingia

Tume ya Uchaguzi, CENI, chini ya uenyekiti wa Corneille Nangaa, iliutumia wingi huo wa wagombea kama hoja ya kuleta mashine. Mashine zaidi ya 100,000 ziliagizwa kutoka kampuni ya Miru Systems ya Korea Kusini. Utaratibu wake ulikuwa hivi: mpigaji kura anagusa picha ya mgombea kwenye kioo, mashine inachapa karatasi yenye chaguo lake, naye anaitumbukiza karatasi hiyo sandukuni. Jioni karatasi zinahesabiwa kwa mikono. Kwa sababu hiyo CENI ilisisitiza kwamba mashine ilikuwa kichapishi tu, na kwamba haikuvunja sheria ya uchaguzi iliyokataza kura ya kielektroniki.

Wapinzani hawakuridhika. Kifaransa kiliwapa silaha ya maneno: kwa kubadili herufi moja, machine à voter, yaani mashine ya kupigia kura, iligeuka machine à voler, mashine ya kuibia. Mzaha huo ulibeba maswali mazito. Je, nani amekagua programu iliyomo ndani? Je, mzee asiyejua kusoma, ambaye hajawahi kugusa kioo cha namna hiyo, atasaidiwa na nani bila siri yake kufichuka? Je, betri zitadumu katika vijiji visivyo na umeme? Mwezi Februari 2018 Marekani nayo, kupitia balozi wake katika Umoja wa Mataifa, ilitahadharisha dhidi ya kutumia teknolojia isiyozoeleka katika uchaguzi mkubwa kiasi hicho.

Maswali hayo yalikuwa na uzito wa pekee mahali kama Mambasa. Wilaya hiyo ndiyo kubwa kuliko zote tano za Ituri, na sehemu yake kubwa ni msitu. Mji wa Mambasa uko zaidi ya kilometa 150 kutoka Bunia, makao makuu ya mkoa, na barabara ya kwenda Kisangani kupitia Epulu na Nia-Nia huwa ngumu sana wakati wa mvua. Aidha, wakazi wake walikuwa na kumbukumbu ya vita vya mwaka 2002 na 2003, vilivyowatesa wenyeji wa msituni pamoja na watu wa mjini. Kwa jamii yenye historia hiyo, kuuliza nani anashika sanduku na nani analisindikiza si ukaidi.

Desemba 30, 2018

Usiku wa kuamkia Desemba 13, 2018, ghala la CENI jijini Kinshasa liliungua, na maelfu ya mashine yakateketea. Uchaguzi uliokuwa ufanyike Desemba 23 ukasogezwa hadi Desemba 30. Kisha CENI ikatangaza kwamba Beni na Butembo, katika Kivu Kaskazini, pamoja na Yumbi upande wa magharibi, wangesubiri hadi Machi 2019. Kwa Beni na Butembo sababu zilizotajwa ni Ebola na usalama. Mambasa inapakana na Beni, na Ebola ilikuwa imeingia Mandima, ndani ya wilaya hiyo hiyo. Hata hivyo Mambasa ilipiga kura. Jirani mmoja aliruhusiwa na mwingine akazuiwa, ilhali rais alitangazwa kabla ya Machi kufika. Wakazi wa Beni waliandaa uchaguzi wao wa mfano siku hiyo hiyo, kuonyesha kwamba walikuwa tayari.

Januari 10, 2019, CENI ilimtangaza Félix Tshisekedi mshindi kwa asilimia 38.57, akifuatwa na Martin Fayulu kwa takriban asilimia 35. Baraza la Maaskofu Wakatoliki, lililokuwa na waangalizi wapatao 40,000, lilisema kwamba matokeo hayo hayakulingana na takwimu zake. Fayulu aliiomba Mahakama ya Katiba iamuru kura zihesabiwe upya. Ombi lake likakataliwa. Nayo CENI haikuchapisha matokeo kituo kwa kituo.

Hapa ndipo kiini cha jambo kilipo. Mwaka huo huo, Iraki ilikuwa imetumia mashine za kampuni hiyo hiyo, na shutuma za wizi zikazuka. Ghala lenye masanduku liliungua huko pia. Lakini Bunge la Iraki liliagiza hesabu ya mikono, masanduku yenye utata yakafunguliwa, na ikaonekana kwamba matokeo hayakubadilika sana. Karatasi ndiyo iliyoamua. Kongo nayo ilikuwa na karatasi, ila haikuziruhusu ziseme.

Mashine zile zile, mikono mingine

Mwezi Desemba 2023 mashine zilirudi, Ituri ikiwa chini ya utawala wa kijeshi uliotangazwa Mei 2021. Safari hii shutuma zilibadilika: baadhi ya mashine zilidaiwa kuonekana mikononi mwa watu binafsi. Januari 2024 CENI yenyewe, ikiongozwa na Denis Kadima, ilifuta kura za wagombea 82 wa ubunge, mabaraza ya mikoa na ya manispaa kwa udanganyifu, ikiwemo kumiliki mashine kinyume cha sheria. Yaliyohofiwa mwaka 2018 yalikuwa yamekiriwa na tume.

Hitimisho

Mfano wa Kenya unasaidia kuhitimisha. Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa rais, na dosari za upelekaji wa matokeo zilikuwa miongoni mwa sababu kuu. Mwaka 2022 tume ya nchi hiyo iliweka hadharani fomu za vituo zaidi ya 46,000, kila mwananchi akaweza kujumlisha mwenyewe. Ubishi haukuisha, lakini uliobishana ulikuwa na karatasi mbele yake.

Kwa mkazi wa Mambasa, basi, swali la msingi si kama mashine itumike au isitumike. Swali ni kama hesabu iliyosomwa kwa sauti kituoni kwake, mbele ya majirani zake, inaweza kutambuliwa tena ndani ya hesabu inayosomwa Kinshasa. Pale inapotambulika, aliyeshindwa ana cha kukagua na aliyeshinda ana cha kuonyesha. Pale isipotambulika, kura hurudi kwenye maana yake ya kale ya bahati, tena bahati inayochezwa gizani.