Mbuna: Uchaguzi wa Wenzi Wao katika Tangi la Nyumbani

Mbuna ni jina la jumla la samaki wadogo wa mawemawe wa Ziwa Nyasa, wa ukoo wa siklidi, ambao ndio ukoo wa sato, perege, ngege na furu. Kwa uzuri wa rangi zao, za buluu, za manjano na za hudhurungi, wamependwa mno na wafugaji wa samaki wa mapambo katika Ulaya, Marekani na Asia, na kwa ukali wa tabia zao wamewatia wafugaji haohao katika mashaka mengi. Makala haya yahusu hasa uchaguzi wa samaki wawezao kukaa nao katika tangi la vioo pasipo kuuana. Siklidi wakali wa Ziwa Tanganyika na wa bara la Amerika wametajwa kwa ufupi.

Asili na makazi

Jina la mbuna ni la Kitonga cha pwani ya magharibi ya ziwa, nalo limekubaliwa na wataalamu wa dunia nzima bila ya kubadilishwa. Miongoni mwa jenasi zao ni Pseudotropheus, Maylandia, Melanochromis, Labidochromis, Tropheops, Labeotropheus na Petrotilapia. Bibi Ethelwynn Trewavas alitoa mwaka 1935 muhtasari wa siklidi wote wa ziwa hilo waliojulikana wakati ule, lakini aliyetufunulia maisha yao ni Bw. Geoffrey Fryer, aliyefanya kazi Nkhata Bay katika miaka ya 1950 na kuchapisha mwaka 1959 uchunguzi wake mashuhuri juu ya samaki wa ufukweni. Humo alibainisha kuwa mbuna hushikamana na majabali, hukwangua utando wa mwani uotao juu ya mawe pamoja na vidudu vilivyomo ndani yake, na aghalabu hawathubutu kuvuka hata eneo dogo la mchanga; na kwa sababu hiyo kila kisiwa na kila rasi yenye mawe ina mbuna wake, wenye rangi zisizopatikana penginepo.

Maji ya Nyasa ni magumu kiasi na yenye alikali, kiwango chake cha pH kikiwa baina ya 7.7 na 8.6, na joto lake la juu juu huwa baina ya nyuzi 23 na 28 za Selsiasi.

Sababu za ukali

Ukali wa mbuna si uovu wa samaki mmoja mmoja, bali ni desturi ya maisha yao yote. Dume hujitwalia pango au ufa baina ya mawe, akaufanya milki yake, akaulinda kwa nguvu dhidi ya kila amdhaniaye kuwa mshindani wake wa chakula au wa majike. Na kwa kuwa jike huatamia mayai kinywani mwake kwa muda wa takriban majuma matatu bila ya msaada wa dume, dume huyo hana kazi nyingine ila kupigana na kuposa. Adui mkubwa kwake ni yule anayefanana naye kwa rangi na umbo. Samaki wa umbo la mbali na rangi ya mbali humpita mbele ya mlango bila ya kuguswa, ilhali dume mwenziwe wa spishi yake, au hata wa spishi nyingine iliyovaa milia ileile, hufukuzwa mara moja.

Ziwani mwenye kushindwa hukimbia, na mbio za mita mbili tatu humtosha kuokoka. Tangini hakuna pa kukimbilia. Mshindi humwona tena na tena, naye mshindwa hana namna ya kuonyesha kwamba amekubali kushindwa ila kwa kuondoka, jambo ambalo kioo chamzuia. Basi huchanwa mapezi, hunyimwa chakula, hujificha penye kona ya juu karibu na bomba la chujio, na baada ya siku chache huonekana maiti. Wanunuzi wengi husema samaki amekufa kwa maradhi, na sivyo.

Konrad Lorenz wa Austria, ambaye mwaka 1973 alishiriki Tuzo ya Nobel, alilieleza jambo hili vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1963 juu ya uchokozi wa wanyama. Alisimulia kuwa dume na jike wa siklidi wanaolea pamoja, wakitengwa peke yao tangini, dume humgeukia mkewe na kumuumiza. Illa wakiwekwa jirani upande wa pili wa kioo, ghadhabu ya dume huelekezwa kwa jirani na nyumba yake ikawa na amani. Kioo kile kikifunikwa na mwani hata jirani asionekane, ugomvi wa nyumbani hurudi, na kikisafishwa hukoma. Siklidi aliowatazama hawakuwa mbuna, wallakini fundisho lawahusu mbuna pia: hasira ya samaki hawa haiondoleki, na yafaa igawanywe kwa wengi ili isimwangukie mmoja.

Kanuni za uchaguzi

Kosa lililoenea ni kuwatafutia mbuna wenzi wapole, kwa dhana kwamba mpole hatamchokoza mkali. Mpole hufa kwanza. Anayestahili kukaa na mbuna ni yule aliyelingana naye kwa nguvu, kwa maji na kwa chakula, na aliyehitilafiana naye kwa rangi na umbo. Katika sifa hizi ikikosekana hata moja, uzuri wa samaki dukani haumfai mfugaji kitu.

Katika chakula inahitajika hadhari kubwa. Utumbo wa mbuna ni mrefu, umeumbwa kwa ajili ya mwani, na akilishwa kila siku vyakula vizito vya nyama, hususan nyama ya wanyama wa nchi kavu, huvimba tumbo, huacha kula na hufa. Maradhi haya yajulikana sana miongoni mwa wafugaji wa samaki wa Nyasa. Samaki mla nyama akiwekwa pamoja na mla mwani, ama mmoja ataugua, ama wa pili atadhoofika, hata kama hawapigani kabisa.

Katika jinsia, dume mmoja apewe majike watatu au zaidi wa spishi yake, kwani jike aliye peke yake na dume hapati pumziko. Tatizo ni kwamba samaki huuzwa wangali wachanga, wa sentimita tatu au nne, na katika umri huo dume na jike mara nyingi hawatambulikani. Kwa hiyo wafugaji wenye busara hununua wachanga sita au wanane wa spishi moja, wakangoja wakue, kisha wakawaondoa madume ya ziada.

Katika idadi, uzoefu wa miaka mingi umeonyesha jambo ambalo kwa juu juu laonekana kinyume cha akili: mbuna wengi katika tangi kubwa hupatana kuliko mbuna wachache, kwa kuwa penye halaiki dume hawezi kumwandama mmoja hata mwisho. Tangi lisipungue sentimita 120 kwa urefu, nalo huchukua lita 200 hadi 250 na zaidi, na urefu una faida kuliko kina. Mawe yapangwe kwa lundo tangu sakafu, yawe na mapango mengi kuliko idadi ya madume, yakate macho ya samaki ili huyu asimwone yule kutoka upande hadi upande. Msongamano huo huchafua maji upesi. Chujio liwe la nguvu, na robo ya maji au zaidi kidogo ibadilishwe kila juma. Asiyeweza kazi hiyo na asifuge mbuna.

Wenzi wanaofaa

Anayesifiwa kupita wote ni Labidochromis caeruleus, aliyepewa jina na Fryer mwaka 1956, ambaye namna yake ya manjano tupu yenye ukingo mweusi wa pezi la mgongoni yatoka kaskazini ya Nkhata Bay. Hazidi sana sentimita 10, hana uchu wa milki, na manjano yake hayawachokozi mbuna wa buluu. Iodotropheus sprengerae, wa rangi ya kutu yenye uzambarau, naye ni mstahimilivu na huonewa mara chache. Maylandia estherae wa pwani ya Msumbiji, ambaye jike lake ni la rangi ya machungwa, ni wa ukali wa wastani; huchanganyika vizuri na hao wawili katika tangi pana.

Pseudotropheus demasoni, aliyeelezwa na Ad Konings mwaka 1994 kutoka miamba ya Pombo upande wa Tanzania, ni mdogo wa sentimita 7 au 8, mwenye milia ya buluu nyeusi na buluu mpauko. Kwa kuwa dume na jike wanafanana, kila mmoja humdhania mwenziwe adui, na watano wakiwekwa pamoja hatimaye hubaki mmoja. Wakiwa 12 na zaidi hukaa. Asiwekwe pamoja na samaki mwingine yeyote wa buluu mwenye milia ya wima.

Nje ya siklidi, gogogo wa Nyasa, Synodontis njassae, ni jirani mwema: ngozi yake ni ngumu, ana miba, hutembea usiku, na mapango ayatakayo si yale yapiganiwayo mchana. Kambare wadogo wa Amerika ya Kusini wa jenasi Ancistrus huvumilia maji hayo. Samaki wa upinde wa mvua wa Australia na Guinea Mpya, jenasi Melanotaenia, huogelea juu kwa wepesi na huwaliwaza mbuna waoga, mradi wachaguliwe wakubwa.

Wasiofaa

Melanochromis auratus huuzwa kila mahali kwa sababu mtoto wake ana dhahabu na milia myeusi ya kupendeza, ilhali dume akikomaa hubadilika kuwa mweusi na huwa jabari wa tangi zima. Ni heri kumwacha kuliko kumjaribu. Maylandia lombardoi, ambaye dume lake ni la manjano na jike la buluu, hafai ila kwa tangi kubwa mno, wala asiwekwe na Labidochromis wa manjano. Genyochromis mento hula magamba na mapezi ya wenziwe, ndiyo riziki yake. Nimbochromis livingstonii, aitwaye kaligono na wavuvi wa Malawi, hujilaza mchangani kama mfu ili awanase samaki wadogo wanaomkaribia. Jenasi Aulonocara, wazuri mithili ya tausi, ni wa Nyasa lakini si mbuna. Ni wapole, wanakula vidudu vya mchangani, na wakiwekwa na mbuna rangi zao hufifia kwa hofu.

Wengine hawafai kwa sababu ya maji: samaki wa dhahabu hutaka maji ya baridi, na wale wa Amazoni hutaka maji laini.

Wasiwekwe pamoja pia spishi zilizo karibu sana kinasaba, maana huzaliana na watoto wao huwa machotara wasiojulikana asili. Jambo hili limetokea hata ziwani: katika miaka ya 1960 samaki wa mahali pengine waliachiwa karibu na kisiwa cha Thumbi West, kando ya Cape Maclear, na baadhi yao, Cynotilapia afra, wakazaliana na Maylandia zebra wa hapo.

Siklidi wa Tanganyika

Siklidi wa Ziwa Tanganyika walienea duniani zaidi tangu miaka ya 1970, Pierre Brichard alipokuwa akiwasafirisha kutoka Bujumbura. Tropheus, wala mwani wakali, hufugwa kwa makundi ya 12 na zaidi ya asili moja, bila ya wageni wengi. Neolamprologus brichardi hulea watoto kwa ushirika wa aila nzima, na aila hiyo hatimaye huwabana wengine wote kwenye kona. Cyphotilapia frontosa huonekana mtulivu, lakini asiwekwe na Cyprichromis, ambao ni chakula chake cha asili. Gogogo wa huko, Synodontis multipunctatus, hupenyeza mayai yake katika mayai ya siklidi, na jike huatamia kinywani watoto wa mgeni wanaowala watoto wake. Mfugaji anayetaka vizazi vya siklidi wake amwepuke.

Siklidi wa Amerika

Siklidi wa Amerika, kama Parachromis managuensis na Astronotus ocellatus, ni wakubwa zaidi na hukaa vizuri peke yao au wawili wawili.

Kuwaingiza tangini

Mbuna na wenzi wao waingizwe wote siku moja wangali wachanga, au walio wapole kwanza na wakali mwisho. Mgeni akiletwa baadaye, mawe yapanguliwe na kupangwa upya siku hiyohiyo, ili wenyeji wapoteze mipaka yao na wote waanze sawa. Taa izimwe hadi asubuhi.

Hali ya sasa

Mbuna wengi wauzwao mijini leo wamezaliwa matangini. Ufugaji huu una manufaa yake: baadhi ya furu walioadimika au kutoweka katika Ziwa Viktoria baada ya kuletwa sangara wangali wakihifadhiwa matangini Ulaya na Marekani. Samaki aliyeshindikana na apewe mfugaji mwingine au arudishwe dukani. Asiachiwe kamwe mtoni wala ziwani, hata kama asili yake ni ziwa hilohilo.