Jembe la Mwanamuziki

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Walimwona mvivu akishinda kivulini, akiulinganisha mpini huu na ule, hadi jua likamchwea na shamba likabaki na magugu yake. Methali hii ni ya kweli, lakini ukweli wake ni wa upande mmoja. Mwenye shamba la mawe hatumii zana ile ile anayotumia mwenye shamba la mchanga, wala hapana mtu mwenye akili timamu aendaye kupalilia kwa shoka. Kati ya uvivu wa kuchagua bila kikomo na upumbavu wa kuchukua bila kufikiri, iko njia ya katikati. Njia hiyo, msomaji, ndiyo nitakayo tuifuate katika insha hii, nasi tutaifuata kwa kuitazama historia ya jembe moja la zama zetu: kompyuta, pamoja na vyombo viandamanavyo nayo, vitumiwavyo na watu kutungia muziki wa umeme nyumbani mwao.

Yamkini utalidharau jambo hili na kuliona kuwa mchezo wa vijana. Usifanye haraka. Wako wengi waliojaliwa kipaji cha kutunga ambao huambiwa kila siku kwamba hawawezi kuanza mpaka wapate mtambo wa thamani kubwa. Baadhi yao hukata tamaa, na kipaji kikafa kama mche usionyeshewa. Wengine huwasihi wazazi wao, na akiba ya miezi mingi ikaishia katika chombo kisichofaa kwa kazi iliyokusudiwa. Hasara ya kwanza ni ya moyo, na ya pili ni ya mfuko. Basi na tuiulize historia: je, ni kweli kwamba muziki huu ni wa wenye mali peke yao?

Hapo mwanzo ilikuwa kweli. Vyombo vya kunasa na kugeuza sauti vilikuwa mali ya vituo vya redio, na msanii alikuwa mgeni wa kubisha hodi. Mwaka 1944, mjini Cairo, Halim El-Dabh, kijana wa Kimisri aliyekuwa akisomea kilimo, aliazima kutoka kituo cha redio mashine iliyonasa sauti juu ya uzi mwembamba wa chuma. Akaenda nayo kwenye sherehe ya zaar, ambamo wanawake huimba ili kuwatuliza pepo, akayanasa maimbo yao. Kisha akarudi studioni, akapunguza sauti za msingi na kuuacha mwangwi wake ukivuma peke yake. Kazi hiyo huhesabiwa miongoni mwa kazi za kwanza kabisa za namna yake duniani, nayo ilifanyika katika bara letu la Afrika. Miaka minne baadaye, mwaka 1948, Pierre Schaeffer alifanya jambo la jamaa hiyo katika redio ya Ufaransa mjini Paris, akitunga muziki kwa ngurumo na milio ya garimoshi iliyonaswa katika santuri.

Kompyuta nazo zilikuwa mbali zaidi na mkono wa mtu wa kawaida. Mwaka 1951 mashine kubwa ya mjini Manchester, Uingereza, ilifundishwa kutoa nyimbo fupi, na redio ya BBC ikainasa. Mwaka 1957, nchini Marekani, Max Mathews wa maabara ya Bell aliandika programu ya kwanza iliyoiwezesha kompyuta kuumba sauti kutokana na tarakimu tupu. Wimbo uliotoka ulidumu sekunde 17 tu, ingawa mashine yenyewe ilijaza chumba kizima. Ni nani angaliweza kuiweka sebuleni kwake?

Hata hivyo, alikuwapo mwanamke mmoja aliyekataa kuamini kwamba studio lazima iwe mali ya shirika kubwa. Jina lake ni Daphne Oram. Alikuwa mmoja wa walioanzisha karakana ya sauti ya BBC mwaka 1958, lakini mwaka uliofuata aliiacha kazi hiyo, akaenda kufanya karakana yake mwenyewe katika nyumba moja ya mashambani katika jimbo la Kent. Huko akaunda mtambo wa ajabu. Alichora mistari juu ya ukanda wa filamu, mwanga ukapenya katika michoro, na mtambo ukaigeuza michoro hiyo kuwa sauti. Mtambo wa Oram haukuuzwa madukani, wala yeye hakupata utajiri. Lakini leo umehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya sayansi mjini London. Yeye hakununua jembe la mtu mwingine. Alilifua la kwake kwa kadiri ya kazi aliyokusudia.

Mlango ulianza kufunguka kwa wengi katika miaka ya 1960. Mwaka 1964 Robert Moog wa Marekani aliunda sinthesaiza, yaani mtambo wa kuumba sauti kwa umeme, akitumia transista ndogo mahali pa taa kubwa za zamani. Mwaka 1970 ulitokea mtambo wake mdogo, Minimoog, uliobebeka mkononi. Bei yake, hata hivyo, ilikaribia dola 1,500, na fedha hizo hazikuwa haba.

Kisha ukaja mwongo wa 1980, nao ndio uliogeuza mambo. Mwaka 1982 ilitoka kompyuta ya nyumbani iitwayo Commodore 64, iliyokuwa na kipande maalumu cha kutoa sauti tatu kwa pamoja. Mwaka 1983 viwanda vya Marekani na Japani, vilivyokuwa vikishindana, vilikubaliana juu ya lugha moja ya kuviwezesha vyombo vyao kusemezana. Lugha hiyo huitwa MIDI, na waliotangulia kuipigania ni Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani. Kabla ya hapo, aliyenunua kinanda cha kiwanda kimoja aghalabu hakuweza kukiunganisha na ngoma ya umeme ya kiwanda kingine. Baada ya hapo, waya mmoja ulitosha.

Hapa, msomaji, nakuomba usimame kidogo tufanye hesabu, maana ndani yake umo ufunguo wa habari hii yote. Ili sauti ihifadhiwe kwa ubora wa diski ya CD, hupimwa mara 44,100 katika kila sekunde. Kila kipimo huchukua baiti 2, nazo pande za kushoto na kulia ni mbili. Kwa hiyo kila sekunde hudai baiti 176,400, na dakika moja hupita baiti 10,000,000. Kompyuta ya Atari ST, iliyotoka mwaka 1985, ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 512, yaani nafasi isiyotosha hata sekunde tatu za sauti kama hiyo. Kwa kipimo hicho ungalisema kwamba haifai kitu kwa mwanamuziki.

Lakini walioiunda waliipachika matundu ya MIDI, na lugha ya MIDI haibebi sauti. Hubeba amri: piga sauti hii, kwa nguvu hii, sasa iache. Amri moja ya namna hiyo ni baiti 3 tu. Kompyuta ikawa kama kiongozi wa bendi ambaye mwenyewe haimbi wala hapigi ngoma, bali huwaashiria wapigaji kwa kidole, na kumbukumbu ile ndogo ikatosha kutunza maelfu ya ishara zake. Ndiyo sababu Atari ilikaa katika vyumba vya watungaji wengi wa Ulaya kwa miaka mingi, hata baada ya kompyuta zenye nguvu zaidi kutokea. Haikuwa na nguvu kuliko zote. Ilifaa kazi kuliko nyingi.

Fikiri pia habari za mji wa Chicago. Mwaka 1981 kampuni ya Roland ilitoa kisanduku kidogo kiitwacho TB-303, ili kimsaidie mpiga gitaa aliyekosa mwenzi wa kumpigia besi. Kwa kazi hiyo kisanduku kilishindwa, maana sauti yake haikufanana na gitaa la besi, na baada ya miaka michache kikaachwa kuundwa. Vilivyobaki viliuzwa kwa bei ya chini katika maduka ya vitu vilivyokwisha kutumika. Huko ndiko vijana Weusi wa Chicago, wasio na uwezo wa kununua vipya, walikokipata. Walipovizungusha vifungo vyake kinyume cha mazoea, kikalia kwa sauti ya kuteleza na kukwaruza ambayo haijapata kusikika. Mwaka 1987 kundi la Phuture lilitoa santuri ya sauti hiyo, na mtindo mpya ukaenea duniani. Kilichotupwa na wenye mali kikawa jiwe kuu la pembeni.

Tangu miaka ya 1990 kompyuta zilipata nguvu ya kutosha kuwa kiongozi, mpigaji na mnasa sauti kwa wakati mmoja. Mwaka 1996 kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilitoa mpango wa VST, uliowezesha mitambo ya studio kuigwa ndani ya programu. Karibu na wakati huo, nchini Ubelgiji, ilizaliwa FruityLoops, ambayo siku hizi huitwa FL Studio. Programu hizo zilifika Afrika ya Mashariki pia. Katika mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese na Mburahati, vijana walizitumia katika studio ndogo, kwa kompyuta za kawaida, wakaukuza muziki wa singeli, ambao mapigo yake aghalabu hupita 200 kwa dakika. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa nyimbo za studio ya Sisso, na wageni wa mbali wakashangaa. Vijana hao hawakungoja majumba ya kioo.

Basi historia inatufundisha nini? Inatufundisha, kwanza, kwamba swali la kwanza si «nitanunua kompyuta gani?» bali «nataka kufanya kazi gani?» Atakaye kupanga midundo kwa sauti zilizokwisha kutengenezwa hahitaji mengi, kompyuta iliyotumika, ikiwa nzima na yenye kumbukumbu ya kutosha, humfaa. Atakaye kunasa sauti za waimbaji atahitaji kipaza sauti, pamoja na kifaa cha kuigeuza sauti iwe tarakimu, na chumba kilicho kimya. Chumba chenye kelele hakiponywi na kompyuta ya bei kubwa. Kazi ikishajulikana, huchaguliwa programu. Na programu ikishajulikana, ndipo huchaguliwa mashine iwezayo kuibeba. Mwenye kuanza na mashine amejenga nyumba kuanzia paa.

Pili, tujue wapi udhaifu wa mashine huumiza. Ukigusa kinanda, sauti isikike karibu pale pale. Sauti husafiri hewani yapata mita 340 kwa sekunde; kwa hiyo kuchelewa kwa sehemu 10 za elfu ya sekunde ni sawa na kumsikia mwenzako aliye mbali nawe mita 3 na kitu, na hilo huvumilika. Likizidi sana, vidole hupotea njia. Kwa sababu hiyo visikizio vya waya huwafaa watungaji kuliko visivyo na waya, maana hivyo vya pili huongeza kuchelewa, ijapokuwa mara nyingi bei yake ni kubwa zaidi. Na palipo na umeme wa kukatika-katika, kompyuta ya kukunjwa yenye betri nzima hushinda ile kubwa ya mezani, hata kama hiyo kubwa ni hodari kuliko yeye.

Tatu, na hili ni kubwa kuliko yote, tuweke nakala ya kazi zetu mahali pawili au zaidi. Wako waliotunga kwa miaka mingi na kazi yao ikapotea kwa siku moja, kwa kuwa diski ilikufa. Chombo hununuliwa tena. Utungo uliopotea haurudi.

Sasa tuirudie methali tuliyoanza nayo. Mchagua jembe si mkulima, lakini mkulima hulijua jembe lake. El-Dabh aliazima, Oram alifua, vijana wa Chicago waliokota, na wale wa Dar es Salaam walikitumia kilichokuwa mezani. Hapana hata mmoja wao aliyekuwa na kila alichokitamani. Kila mmoja alijua alichokitafuta. Nawe, kijana msomaji, ukiwa na wimbo moyoni, anza na chombo kilicho karibu nawe, kijue hadi mwisho wa uwezo wake, na usikiache kwa sababu jirani amenunua kingine. Siku kitakapokushinda, utakuwa umejua hasa kilichopungua, na hapo ndipo itakapokuwa halali yako kwenda sokoni. Wakati huo utakuwa hulichagui jembe kwa uvivu, bali shamba lenyewe litakuwa limekutuma.