Dirisha na Tembe ya Mpwapwa

Wasafiri wa karne ya 19 waliopita Mpwapwa kwa njia ya misafara, Stanley akiwa mmojawao mwaka 1871, waliingia katika nchi ya tembe. Nyumba hizo za Wagogo zilikuwa fupi, zenye paa bapa lililofunikwa udongo, kuta za miti iliyokandikwa, na ua wa ng'ombe katikati. Madirisha hayakuwapo, au yalikuwa matundu tu. Ilikuwa rahisi kwa mgeni kudhani ya kuwa kukosa dirisha ni kukosa maarifa.

Lakini tembe ilijengwa kwa kuitii nchi. Mvua ya Ugogo huja kwa msimu mmoja. Miezi mingine ni ya jua, vumbi na upepo, mchana wa joto na usiku wa baridi. Udongo mnene hupokea joto polepole mchana na kulitoa usiku, na tundu dogo hulizuia jua mlangoni pake.

Hata hivyo, haki yataka tembe isisifiwe kupita kiasi. Moshi wa mafiga uliwaumiza macho na vifua wakaao ndani, na papasi wa sakafu na kuta za udongo waliambukiza homa. Kwa hiyo wamisionari waliofika katika miaka ya 1870, na watawala waliowafuata, walipojenga nyumba za madirisha, dirisha likawa alama ya afya na elimu. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 iliwahamishia watu vijijini, na baadaye nyumba za bati zikaongezeka. Ndipo kosa la pili lilipozaliwa: bati jembamba juu, dirisha pana likielekea magharibi, na chumba kikawa tanuri wakati wa alasiri.

Mwaka huohuo wa 1971 Umoja wa Mataifa ulichapisha majedwali ya Carl Mahoney, yanayopima joto, unyevu na mvua ya kila mwezi ili kumwongoza mjenzi. Penye ukame karibu mwaka mzima huagiza matundu ya asilimia 10 hadi 20 ya ukuta; penye unyevu, asilimia 40 hadi 80. Tangu mwaka 2001 programu ya EnergyPlus, iliyotolewa Marekani, huweza kukadiria joto la chumba kwa saa zote 8,760 za mwaka kabla tofali moja halijawekwa. Hesabu zake huonyesha ya kuwa kioo kimoja hupitisha wati 5 hadi 6 kwa kila mita ya mraba na kila nyuzi moja ya tofauti ya joto, ilhali jua likikipiga waziwazi huingiza mamia ya wati.

Basi shauri si kurudi katika moshi, wala kuiga nyumba ya nchi ya baridi. Mpwapwa iko kusini mwa Ikweta kwa nyuzi 6 tu. Jua la kuchosha ni lile la chini, la asubuhi na alasiri. Dirisha la kiasi, lielekealo kaskazini au kusini chini ya upenu, katika ukuta mnene, huleta nuru na hewa bila kuleta tanuri. Mashine imeyapa tarakimu maarifa ambayo mjenzi wa tembe aliyapata kwa ngozi yake. Ni hasara kuyadharau kwa sababu tu hayakuandikwa.